Sola kanisani, Mtwara na Lindi: ya betri, isiyo na betri, au tuanze na maji ya moto?

Saa tano na robo usiku, mkesha wa kufunga mwaka, umeme ukakatika katikati ya pambio. Kwaya haikunyamaza, iliendelea kwa makofi na vigelegele. Lakini mhubiri alipopanda mimbarini, mabenchi ya nyuma hayakupata neno. Vijana wawili walikimbilia banda la jenereta wakimulika kwa simu. Mmoja alifungua tanki, akachovya kijiti, kikatoka kikavu. Dumu likafungwa kwenye pikipiki kwenda sheli. Jenereta ilipowaka, moshi wake ukaingia kwa madirisha ya upande wa kina mama wenye vichanga, wakainuka mmoja mmoja, kanga puani, kuhamia upande wa pili.

Usiku ule ndio uliozaa hoja ya sola katika usharika wetu hapa Mtwara mjini. Niko kwenye kamati ya ujenzi, na kwa kuwa paa nalo lilikuwa linavuja, mambo hayo mawili yakaunganishwa kuwa ukarabati mmoja. Tangu hapo nimepanda mapaa, nimesoma profoma za mafundi hadi nikazijua kwa kichwa, na wenzangu wa sharika na parokia nyingine, kuanzia Newala hadi Lindi, wamekuwa wakiniuliza tuchague nini. Haya ndiyo ninayowajibu.

Marafiki wetu wa Ulaya walipotuandikia kwamba wako tayari kuchangia umeme wa jua na "joto jadidifu", yaani joto litokalo kwenye vyanzo visivyokwisha kama jua, wazee wa kanisa walitazamana. Kwao neno hilo lina maana yake. Uingereza, sehemu kubwa ya nishati ya kanisa huishia kwenye kupasha jengo joto wakati wa baridi, na Kanisa Anglikana la huko limejiwekea lengo la kufuta hewa ukaa yake ifikapo 2030. Kanisa Kuu la Gloucester liliweka paneli 150 mwaka 2016. Kanisa la King's College kule Cambridge likaweka 438 mwaka 2023. Bath Abbey inapasha sakafu yake kwa joto la chemchemi ya maji moto iliyopo chini ya mji. Sisi kanisani kazi yetu ni kulitoa joto nje. Hata hivyo tusilitupe neno lile, maana nilipopiga hesabu, joto ndilo lililobadilisha mpango wetu wote. Nitalirudia.

Hesabu uniti kabla ya kuita fundi

Chukua kanisa la watu 400. Feni 12 za wati 70 ni wati 840. Taa za LED 16 za wati 18 ni 288. Miksa, amplifaya na spika, tuseme 400 kwa wastani. Kinanda na gitaa 100, projekta 300. Jumla haifiki kilowati mbili. Ibada mbili za Jumapili, saa nne na nusu, ni uniti 8.7 hivi (uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa moja). Mazoezi ya kwaya jioni tatu kwa wiki, taa za ulinzi usiku kucha, mkesha mmoja kwa mwezi: mwezi mzima unapata kama uniti 95.

Kwa bei ya kundi la T1, la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya VAT na tozo za REA na EWURA, unalipa karibu 356. Ndiyo maana LUKU ya elfu moja inakupa uniti 2.8. Uniti 95 ni shilingi 34,000 kwa mwezi.

Rudia kuisoma hiyo namba. Kanisa linaonekana kubwa, lakini linatumia umeme kidogo kwa sababu siku sita za wiki limefungwa. Fundi anayekwambia sola itakuokolea mamilioni ya LUKU hajawahi kuona risiti zenu. Mkiweka mtambo wa mamilioni ili kuokoa shilingi 34,000, mtangoja miaka mingi. Kuna sababu nyingine nzuri za kuweka sola, na hizo ndizo za kupimia.

Sababu ya kwanza ni kukatika kwa umeme. Mkesha ule ule, feni nusu zikizunguka na projekta imezimwa, unakula kilowati 1.21 kwa saa nane, yaani karibu uniti 9.7. Kwa LUKU ni kama shilingi 3,500. Jenereta ya petroli ya kVA 5 ikinywa lita 1.2 kwa saa itamaliza karibu lita 10, na petroli ikiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, usiku mmoja wa jenereta unakaribia LUKU ya mwezi mzima.

Jenereta, sola ya gridi, sola ya betri

| | Jenereta | Sola bila betri | Sola na betri |
|---|---|---|---|
| Umeme ukikatika mchana | Inafanya kazi | Inazima | Inafanya kazi |
| Umeme ukikatika usiku | Inafanya kazi, mafuta yakiwepo | Hakuna kitu | Inafanya kazi kadiri ya betri |
| Siku za wiki kanisa likiwa tupu | Imelala | Inazalisha bila mtumiaji | Inajaza betri, kisha inapumzika |
| Kinachochakaa kwanza | Plagi, kabureta, kamba ya kuvutia | Inveta | Betri |
| Kelele na moshi | Vyote viwili | Hakuna | Hakuna |

Safu ya katikati, ya sola bila betri, ndiyo inayowaangusha wengi. Watu wanadhani paneli zikiwa juani, umeme upo. Sola ya gridi isiyo na betri hufuata umeme wa TANESCO. Gridi ikizima, inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika jengoni, nayo inajizima kwa makusudi, ili isimpige shoti fundi aliyepanda nguzo kurekebisha. Kwa hiyo saa sita mchana jua likiwaka, umeme ukikatika, kanisa lako lenye paneli ishirini litakuwa kimya kama la jirani.

Mtambo huo ni rahisi kuliko wenye betri, na kwa shule au hospitali inayotumia umeme kila siku mchana ni chaguo zuri sana. Kanisa pekee yake haufai. Na msihesabu kuuza umeme wa ziada mpaka mkataba na TANESCO uwe umesainiwa na mita ya njia mbili imefungwa. Baadhi ya mita za LUKU huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia. Mnaweza kuzalisha uniti na kuzilipia zile zile.

Jenereta siidharau. Kwa harusi au mkutano wa injili wa siku tatu uwanjani, bado ndiyo inayobeba mzigo wote bila kuuliza jua liko wapi. Lakini kwa ibada ya kila wiki, mkesha na mazoezi ya kwaya, mtambo wa haibridi, wenye betri na uliounganishwa na LUKU, ndio nimeuona unakidhi.

Betri: jeli au lithiamu

Hapa ndipo profoma zinapotofautiana, na hapa ndipo ninapowaomba wajumbe wa kamati wasilale.

Betri ya jeli ya volti 12, 200Ah, imeandikwa uniti 2.4. Ukitaka idumu, usiitumie kupita nusu: 1.2. Mkesha wa uniti 9.7 unahitaji nane za namna hiyo, na hata hizo zinapelea kidogo, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye inveta. Nane ni karibu nusu tani. Lithiamu ya volti 48, ile ya uniti 5.12 inayofungwa ukutani, unaweza kuitumia hadi asilimia 90, yaani 4.6. Mbili zinakaribia kubeba mkesha mzima. Baadhi ya feni zikizimwa mapema, zinatosha. Mbili hizo hazifiki kilo 110.

Wauzaji wa lithiamu watakutajia mizunguko: 3,000 hadi 6,000 ya kujaza na kutumia, wakati jeli ikitumiwa hadi nusu hutoa mia kadhaa hadi elfu na kidogo. Ni kweli, lakini kwa kanisa hoja hiyo ina uzito mdogo. Kanisa likitumia betri mara 80 kwa mwaka, hata jeli haitamaliza mizunguko yake. Itakufa kwa joto. Betri za risasi hupimwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hukata maisha yake karibu nusu. Sasa fikiria stoo iliyo nyuma ya ofisi ya mchungaji, dirisha dogo moja, bati juu bila dari, mwezi Desemba Mtwara. Nimeweka mkono juu ya betri ndani ya stoo kama hiyo saa tisa alasiri, nikautoa haraka.

Kwa hiyo shauri langu: kama fedha inatosha lithiamu moja tu, nunueni moja pamoja na inveta inayokubali kuongezewa ya pili, kuliko kununua jeli nane zitakazobadilishwa zote kwa pamoja baada ya miaka michache. Jeli moja ikifa katika kundi huzivuta zilizobaki, na mpya ukiichanganya na za zamani nayo huzeeka haraka. Kwa mtaa (tawi la usharika) wa kijijini usio na umeme kabisa, wenye taa sita, spika moja na kuchaji simu, jeli moja au mbili bado ni chaguo la heshima, mradi ziwekwe chumba chenye hewa, chini, mbali na bati.

Juu ya paa au chini uwanjani

Fundi wetu alipopanda kukagua, alishika msumari wa bati kwa vidole viwili, akauzungusha, ukatoka wenyewe. Akasogea hatua tatu, akagonga papi kwa nyundo. Ikaitika kama boga. Mchwa walikuwa wamekula ndani na kuacha ganda la rangi. Paneli hudumu miaka 25 au zaidi. Ukizifunga juu ya bati lililobakiza miaka mitano, utalipa mara mbili: kuzishusha na kuzipandisha tena.

Paneli sita za wati 550 zinatosha kujaza betri ya mkesha kwa siku moja ya jua la kawaida. Zinachukua mita za mraba kama 16 na uzito wa kilo 170 hivi, ambao kenchi iliyo nzima haishindwi kuubeba. Kinachotisha huku kwetu ni upepo. Lindi inakumbuka kimbunga cha Aprili 1952. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani, kikashukia Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Reli za paneli zifungwe kwenye kenchi kwa bolti, zisining'inie kwenye bati peke yake. Kwa makanisa yaliyo karibu na bahari, kama ya Shangani, Mikindani au Lindi mjini, reli ziwe za alumini, bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na paneli ziwe zimepimwa kwa chumvi. Kiwango chake ni IEC 61701, mwulizeni muuzaji awaonyeshe kwenye karatasi ya paneli. Bolti ya kawaida ya dukani, kusi na kaskazi zikishaipitia mara kadhaa, huacha mchirizi wa kutu hadi ukutani.

Tupo nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli ziangalie kaskazini, zikiinuka nyuzi 10 hadi 15. Makanisa mengi ya zamani yamejengwa altare ikiwa mashariki, na hiyo ni baraka: paa moja linaangalia kaskazini, jingine kusini. Kwenye paa lenye mwinamo wa nyuzi 25, upande wa kusini hupoteza karibu nusu ya nguvu ya jua la saa sita mwezi Juni. Upande wa kaskazini hupoteza kama tano moja mwezi Desemba. Nimeona mtambo umefungwa upande wa kusini kwa sababu ndio unaoonekana kutoka barabarani. Usikubali.

Kufunga chini uwanjani kunarahisisha kusafisha na hakugusi paa la zamani, jambo la maana kwa majengo ya misheni kama yale ya Masasi, ambako wamisionari Waanglikana wa UMCA walifika 1876, au Ndanda. Lakini chini kuna kivuli cha mwembe, mpira wa watoto na wezi. Na penye mikorosho jirani, msimu wa kupuliza salfa vumbi lake hutua juu ya kioo; pangusa kwa maji asubuhi na mapema kabla kioo hakijapata moto.

Joto: mahali pesa ilipo kweli

Nilisema nitarudi. Usharika wetu una zahanati nyuma ya kanisa, yenye chumba cha kujifungulia. Mama akishajifungua anahitaji maji ya moto, na vyombo na nguo vinahitaji maji ya moto, kila siku ya Mungu. Lita 200 kutoka nyuzi 27 hadi 55 ni uniti 6.5. Kwa hita ya umeme ni shilingi 2,300 kwa siku, karibu 69,000 kwa mwezi: mara mbili ya LUKU yote ya kanisa. Sasa hivi tunachemsha kwa kuni, na gharama hiyo haionekani kwenye risiti yoyote, inaonekana kwenye macho mekundu ya dada wa jikoni.

Hita ya maji ya jua haina betri wala inveta. Tanki juu, kikusanya joto chini yake, maji ya moto yanapanda yenyewe. Ukilinganisha kila shilingi, hakuna kifaa cha jua kinachorudisha fedha haraka kama hicho mahali penye matumizi ya kila siku. Zipo za bapa na zipo za mirija ya kioo. Ya mirija hupasha haraka, lakini Mtwara jua si tatizo, na mrija ukipasuka unaagizwa mbali. Nimependelea ya bapa. Kabla ya kununua tazama birika la nyumbani: likiota magaga meupe, maji yenu ni magumu, na hita itaziba kama hamna mpango wa kuisafisha. Kama hakuna zahanati, hosteli wala nyumba ya wageni, msiiweke. Kanisa lenyewe halihitaji maji ya moto.

Jikoni ni habari nyingine. Serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Kwa uji wa chekechea, jiko la presha la umeme likiwashwa saa nne asubuhi hula moja kwa moja kutoka kwenye paneli, na hapo siku za wiki zilizokuwa zinapotea zinapata kazi. Kwa pilau la watu 300, hapana. Hapo ni mtungi wa kilo 38, au bomba la gesi asilia ya TPDC kwa waliobahatika kuwa karibu nalo. Najua gesi si nishati jadidifu, hata ikitoka Mnazi Bay yetu wenyewe, lakini kwa mapafu ya wapishi ni bora kuliko gogo la mkorosho. Biogesi inataka ng'ombe wengi, na pwani yetu haina.

Na joto la ndani ya kanisa? Kuna mzee alipendekeza viyoyozi vya sola. Mtu aliyekaa hutoa joto la karibu wati 100. Watu 400 ni kilowati 40, sawa na majiko ya umeme ishirini yamewashwa kati ya mabenchi, kabla jua halijapiga bati. Hakuna mtambo wa usharika utakaoshinda hilo. Dari, matundu juu ya ukuta karibu na kofia ya paa, bati la rangi ya mwanga badala ya maruni, madirisha yanayofunguka pande zote mbili: hayo yanafaa kuliko kiyoyozi, na feni zinamalizia. Paneli zenyewe zinasaidia, zikiinuliwa sentimita 10 au 15 juu ya bati: zinalitia bati kivuli, na upepo unaopita katikati unazipoza. Paneli ikifika nyuzi 60 hupoteza karibu asilimia 12 ya nguvu yake, hivyo nafasi hiyo si ya mapambo.

Ninavyowajibu wanaouliza

Mkiwa na kanisa tu, mjini, lenye LUKU na umeme unaokatika mara chache: tengenezeni paa na hewa, badilisheni taa ziwe LED na feni ziwe za wati 30, halafu inveta na lithiamu moja inayochajiwa na LUKU. Paneli zinaweza kufuata mwaka unaokuja. Mkiwa na zahanati, chekechea au hosteli kwenye kiwanja kimoja, msifunge mtambo wa kanisa peke yake. Fungeni mmoja wa wote, uwe na mita ndogo kila jengo ili hesabu zisigombanishe idara. Mkiwa kijijini bila nguzo, anzeni na mtambo mdogo wa taa na spika, na mwandikeni mtu mmoja kwa jina, mwinjilisti au mzee, awe ndiye anayeruhusu simu ngapi zichajiwe. Betri nyingi za mitaa zimeuawa na simu na redio za majirani.

Sisi tumeamua hivi. Msimu wa korosho watu walileta kilo badala ya bahasha, tukaziuza mnadani, tukapata bati na papi mpya. Kazi imekamilika upande wa kaskazini. Fedha ya marafiki inaenda kwenye hita ya zahanati kwanza, kisha inveta na lithiamu moja. Mkesha ujao bado utaendeshwa kwa jenereta. Tumelihamisha banda lake hadi nyuma upande wa kusini-magharibi, ili kaskazi ya Desemba iupeleke moshi mbali na kina mama, na dumu la lita 20 tayari limejaa.